Chumba cha Kumi na Nne

Ramani mpya ya katikati ya jiji imefika mezani pangu
imekunjwa mara nane, ingali inanuka wino.
Buluu ni biashara. Manjano, makazi.
Zambarau ni viwanda vidogo vidogo.
Na kutoka Nyamakima kuteremka hadi mtoni
wamepaka rangi ambayo hatukuwa nayo,
ya chungwa lililoanza kuoza:
matumizi mseto.

Mkuu wa idara akasema, Wakesho,
nenda Barabara ya Duruma, uhesabu.
Kila chumba herufi moja.
Moja tu. Kompyuta haikubali mbili.

Jengo la Savla lina orofa nne na ngazi moja.
Juu ya mlango kuna mwaka wa saruji, 1958,
ila ile nane imemeguka ubavu, imekuwa tatu,
na jengo limezeeka miaka mitano zaidi bila kosa lake.
Chini wanauza beringi, plagi, mikanda ya injini.
B, nikaandika, wala sikusita.
Orofa ya kwanza ni chuo cha urembo.
Jumapili viti hugeuzwa, vioo hufunikwa shuka,
na Mchungaji Lumbasi huhubiri
chini ya picha za misuko ishirini na minne.
Nikamuuliza, hapa ni nini?
Akasema, inategemea umekuja siku gani.

Kisha chumba cha kumi na nne.

Saa kumi alfajiri Nyanchama anakoroga uji wa wimbi,
sufuria mbili, mwiko mmoja.
Kabla ya saa moja ametoka na chupa zake za chai,
watoto wawili nyuma yake, wamevaa viatu wakitembea.
Saa mbili Nzioka anavua shuka kitandani
na kitanda kinakuwa meza ya kukatia.
Anashona sare za shule, kaptura za kijivu,
rundo linapanda hadi dirishani.
Chini ya meza hiyo, mchana kutwa,
amelala Halake, mlinzi wa usiku wa duka la simu.
Vipande vya kitambaa vinamwangukia usoni.
Havimwamshi.

Sakafuni nikaona mstari wa chaki.
Nikainama, nikaupima, nikaandika: mpaka wa ndani.
Nzioka akacheka hadi mguu ukaachia pedali.
Huo ni wa kupimia suruali, dada.
Mipaka yetu iko pale.
Akanyosha sindano kuelekea ukutani,
kwenye saa iliyotangulia dakika kumi.

Ramani yangu ina rangi saba na mizani ya moja kwa elfu mbili.
Haina saa.

Nyanchama aliporudi nikamsomea kanuni, kwa kuwa ni haki yake:
kelele zikome saa nne za usiku;
makazi yasiwe chini ya orofa ya pili;
kila nyumba ya kuishi iwe na maegesho
ya gari moja na robo.
Akatua chupa. Akafikiri kweli kweli.
Hiyo robo, akauliza,
ni ya mbele au ya nyuma?

Ofisini jioni kishale kilipepesa, kikingoja herufi.
B, kisha nikafuta. M, nikafuta.
Nikajaribu zote mbili, mashine ikalia.
Nikaacha wazi, nikabonyeza hifadhi.
Ikaandika kwa unadhifu wake wote:
*Chumba 14 hakipo.*

Sijui kama nimewaficha au nimewafuta.
Kisichokuwepo hakivunjwi.
Kisichokuwepo hakilipwi fidia.

Asubuhi nilipita kwa Nyanchama kabla ya kazi.
Akanijazia kikombe hadi ukingoni, akakataa hela.
Mmetuandika nini?
Nikanywa haraka. Uji ulikuwa moto mno,
na nilishukuru ulipouunguza ulimi.